Meli ya Upande Huu wa Daraja

Vijana wa Bakoba, pale Bukoba mjini, waliopita mikononi mwake wanaweza kuwa wameisahau katekisimu yote, lakini sentensi hii hawajaisahau: "Ukivuka daraja, unaanza kuua. Baki upande huu." Mgeni angeisikia angedhani ni fumbo la mahubiri. Halikuwa fumbo. Alikuwa anazungumzia gemu.

Tulimwita Mwinjilisti, na hapa pia nitamwita hivyo. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, katibu wa usharika akilisoma kwenye tangazo, nikageuka kutazama ni nani huyo anayetajwa. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Yeye mwenyewe, alipoulizwa ukoo, swali ambalo kwetu Uhaya humtangulia mgeni kabla hajakaa vizuri, alijibu, "Mimi ni wa usharika huu, waitu," kwa lile neno letu la heshima, kisha akasogeza kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna ili kinywa cha muulizaji kipate kazi nyingine.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na chumba cha vijana chenye paa la bati na sakafu ya saruji iliyopasuka. Wageni wa usharika rafiki kutoka ng'ambo walikuwa wameacha humo runinga, mashine ya gemu na diski kadhaa. Mwinjilisti alizijaribu zote mwenyewe, amevaa koti lake la ibada, akabakiza moja. Nyingine, alisema, zilianza na bunduki kabla mtu hajasalimiwa. Hii ilianza na bandari.

Niieleze bandari hiyo, kwa maana bila hiyo mtu huyu hawezi kueleweka. Wewe mchezaji ni msafiri unayefika jioni kwenye gati la mawe yaliyolowa. Kushoto kwako meli imefungwa kamba na taa zake zinawaka. Mbele kuna kibanda cha tiketi ambacho dirisha lake limefungwa. Taa ya nguzo inayumba polepole. Kulia kuna daraja, na ng'ambo ya daraja kuna mji wenye maadui, na mji huo ndio ulioufanya mchezo upendwe dunia nzima. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma. Sisi tulikaa gatini. Tulitembea kutoka kibandani hadi kwenye kamba za meli, tukarudi, tukasikiliza maji.

"Mwinjilisti, hata Daudi alivuka akapigana," alisema siku moja Deo, ambaye kati yetu ndiye alikuwa na ulimi mrefu kuliko wote.

"Alivuka. Na nyumba yake iliishaje?"

"Iliisha na Suleimani, tajiri!"

Tulicheka mpaka mtu akaangusha benchi. Mwinjilisti naye alicheka, lakini padi ya kuchezea hakuiachia mpaka alipohakikisha msafiri ameelekezwa upande wa meli.

Zamu za kucheza hazikuhitaji saa. Kila mchezaji alipokaa gatini kwa muda fulani, picha ilisimama na sauti ya maji ikageuka mlio mmoja usiokwisha. "Imeganda!" tulipiga kelele. Yeye alitusahihisha kila mara, kwa uvumilivu uleule: "Haijaganda. Imetulia." Kisha alizima, akawasha upya, na zamu ikahamia kwa mwingine. Hivyo meli ile haikuwahi kuondoka mbele ya macho yetu. Tulijua kuwa inaweza kuondoka, kwa sababu siku moja Mwinjilisti alipoitwa nje Deo alivuka daraja. Nyuma yake honi ililia, na alipomrudisha msafiri mbio, gati lilikuwa tupu na taa ya nguzo imezimika.

Mwinjilisti aliingia wakati huohuo. Hakumpiga Deo wala hakumkemea. Alisimama akilitazama lile gati tupu, mkono ukiwa bado kwenye kitasa cha mlango, kisha akachomoa waya ukutani. Chumba kikafungwa mpaka Kwaresima ilipokwisha. "Alinitazama," Deo aliniambia baadaye, kwa mara ya kwanza bila mzaha, "kama vile kuna mtu nimemtoa roho."

Alikuwa mtu wa mambo yanayopingana, na sikuwahi kumsikia akijaribu kuyapatanisha. Aliongoza kwaya naye hakuweza kushika sauti. Alihubiri kiasi na alikula senene, wale panzi wa kukaanga, bila kiasi chochote, mfuko mzima, akitema miguu kwenye kiganja. Alizika watu wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alikaa na wafiwa mpaka udongo wa mwisho, akanyoosha mwenyewe shada lililopinda. Lakini mtu mzima mwenye afya, anayeondoka zake kwa furaha na mkungu wa ndizi begani, hakuweza kumtazama akienda.

Kwetu mgeni husindikizwa. Humwachi mlangoni, unapita naye kibanjani, kati ya migomba, mpaka kwenye mlamula, ule mmea wa mpaka, na mara nyingi mazungumzo ya maana ndipo yanapoanza. Mwinjilisti alisindikiza kama desturi inavyotaka. Alipofika kwenye mlamula alitoa mkono, akaaga, akageuka papo hapo, hata kama mgeni alikuwa bado katikati ya neno. "Mgeni hatazamwi mgongo," alisema. Wengi walidhani ni majivuno. Ndani ya basi la kwenda Muleba alikaa siku zote upande wa mlima, na kondakta alipoita, "Kemondo! Wa Kemondo wasogee!" alifumba macho na kuanza wimbo wa tenzi, nje kabisa ya ufunguo wake, mpaka bandari ilipobaki nyuma.

Mama yangu ndiye aliyenieleza, akimenya ndizi, siku nilipomcheka Mwinjilisti kwa tabia hiyo ya basini.

"Usimcheke. Alimsindikiza mke wake Kemondo. Alikuwa anakwenda Mwanza kwa dada yake. Mvua ilikuwa inakuja, mke akamwambia, 'Rudi, Tata, usije ukaloa na jioni una ibada.' Akarudi."

"Halafu?"

"Meli haikufika."

Hapa kwetu mtu akisema hivyo hahitaji kuongeza kitu. Mama aliitumbukiza ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. "Kwa hiyo yeye hakuiona ikiondoka," alisema. "Aliiacha imefungwa kamba, taa zinawaka."

Sikumwambia Mwinjilisti kwamba ninajua. Nilikwenda chuoni kusomea kompyuta, nikiamini, kama wengi wa rika langu wanavyoamini, kwamba elimu ni deni la ukweli na kwamba ukweli ukishasemwa wazi mambo hunyooka. Huko ndiko nilikokutana, mtandaoni, na watu wa mataifa mengi walioupenda mchezo ule wa zamani tangu utotoni na sasa walikuwa wanaujenga upya kwa mapenzi tu, bila malipo, kila mmoja akichagua mahali pake: mtu huyu soko, yule mnara, yule shule iliyoungua. Hawakutafuta umbo peke yake. Walibishana kwa kurasa nyingi juu ya unyevu wa ukuta na juu ya ukimya unaostahili kuwa nyuma ya mlango. Walitaka mtu akiingia ahisi vilevile alivyohisi alipokuwa mtoto. Nilipomsimulia Mwinjilisti, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kwenye kibanja chake huko Muleba, hakuuliza swali lolote kati ya yale niliyoyatarajia.

"Bandari imeshachukuliwa?"

Haikuwa imechukuliwa. Hakuna aliyeitaka, maana hapo, walisema, hakuna kinachotokea.

Nilimfundisha misingi wakati wa likizo, kwa laptopu iliyotumika na betri ya sola. Nilidhani atachoka. Alijifunza kwa namna alivyojifunza Kigiriki kidogo cha kwenye mafunzo ya uinjilisti: polepole, akirudia kwa sauti, bila aibu. Sisi wengine tungeanza na kuta. Yeye alianza na ile taa ya nguzo, akaiyumbisha gizani peke yake kwa majuma kadhaa mpaka akaridhika na uzito wake. "Mahali si kuta," aliniambia. "Mahali ni kile unachokisubiri ukiwa hapo. Tukikosea hicho, tumejenga ghala."

Kwa sauti ya maji alinituma Kemondo na simu yangu. "Nenda wewe," alisema, nami sikuuliza kwa nini. Nilirekodi nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Haya ni maji yanayopiga jiwe. Mimi nataka yanayopiga meli, na watu wamenyamaza." Nikarudi. Mara hii nilisubiri mpaka wapakiaji walipokwenda kula, nikaweka simu karibu na ubavu wa boti kubwa la mizigo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayepokea baraka. Alisema, "Hapo."

Kuna jambo alilolikosea nalo likapendwa. Runinga ya chumba cha vijana ilikuwa na chenga, na kwa kuwa tuliichezea zaidi msimu wa mvua, wakati senene wanapozunguka kila taa ya Bukoba, sisi tuliziona chenga zile kuzunguka taa ya nguzo na kuamini kuwa ni senene. Naye aliwaweka, wadogo, wa kijivujivu, wakimeta na kupotea. Wenzetu wa mtandaoni waliuliza ni wadudu gani hawa wasiokuwepo kwenye mchezo halisi, kisha wakasema wabaki, kwa sababu taa ilikuwa haijawahi kuonekana ya kweli namna ile. Nilimtafsiria maneno hayo. Alifurahi mpaka akampigia Deo simu. Wakati huo Deo alikuwa anaendesha bodaboda Muleba.

"Deo! Wazungu wamekubali senene!"

"Waambie wawakaange, Mwinjilisti! Wakiwaacha wazima hawajui utamu!"

Mimi mwenyewe niliingia katika bandari ile akiwa ameikamilisha, na nimekuwa nikitafuta tangu hapo namna ya kueleza nilichokihisi. Mawe yalikuwa yamelowa. Chini ya dirisha la kibanda cha tiketi kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, kana kwamba ndani kuna mtu anayehesabu na atafungua sasa hivi. Meli ilikuwa imefungwa kamba. Nilisimama pale kwa muda mrefu na hofu haikunijia. Hapakuwa na lolote la kufanya, na hakuna aliyekuwa anakwenda popote.

Kisha ujumbe ukaja. Mwanamke aliyesimamia mradi, wa nchi ya mbali, mwenye adabu, aliandika kwamba bandari hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote zilizowasilishwa. Kulikuwa na kasoro moja tu. Meli haiondoki. Katika mchezo halisi, aliandika, ukikaa gatini muda wa kutosha meli huondoka yenyewe, uvuke usivuke: honi hulia, kamba huanguka majini, taa zake hupungua mpaka zikaisha, na msafiri hubaki peke yake, na hapo ndipo anapoelewa kuwa hana njia ila daraja. Huo ndio moyo wa mahali pale. Bila hilo hawataweza kuipokea.

Nilimsomea kwa Kiswahili, taratibu.

"Wamekosea," Mwinjilisti alisema. "Meli haiondoki mpaka uvuke. Waandikie."

Niliandika. Wakajibu kwa video iliyochukuliwa kutoka kwenye diski nzima, isiyo na dosari. Tuliitazama pamoja kwenye simu yangu, mezani kwake, kahawa zikiwa kati yetu. Msafiri alikaa. Maji yalipiga. Ikafika ile sekunde ambayo sisi sote wa chumba cha vijana tuliijua kwa mwili, sekunde ya kuganda, na picha haikuganda. Honi ikalia.

Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Diski yetu ilikuwa humo, imefungwa kwa kitambaa cha madhabahuni kilichochakaa. Aliiinua dirishani, akaigeuza kwenye mwanga mpaka akauona: mkwaruzo mmoja, mfupi, kama alama ya ukucha.

"Kumbe ni mkwaruzo," alisema.

Nilijaribu kusema kitu kuhusu mashine za zamani. Hakunisikia.

"Binti, mimi nimehubiri mkwaruzo. Miaka yote. Nimewaambia watoto wa watu, kaeni upande huu, msipovuka haiendi. Nikasema imetulia."

"Tunaweza kuiacha kama ilivyo, waitu," nilimwambia. "Wakatae wao. Hii ni bandari yako. Nitakuwekea kwenye laptopu yako, isiondoke kamwe. Hakuna atakayedhurika."

Alinitazama. Katika uso wake nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nikisimama kanisani nimwambie mjane kwamba mume wake amekwenda, akubali, nitamwambia kwa mdomo upi?"

Nikiri kwamba nilimjivunia sana siku ile. Nilimwona kama mfano hai wa kila nililofundishwa: mtu anayeuchagua ukweli ingawa unamuuma. Nilirudi mjini nikiwa nimejaa mwanga. Wakati huo sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ukweli unaweza kumtoa mtu ndani ya nyumba pekee aliyonayo, ukafunga mlango, na usimwonyeshe nyingine.

Aliifanya kazi ya kuiondosha meli peke yake. Hakuomba msaada wangu hata wa honi. Bandari ikapokelewa. Watu wa lugha nisizozijua waliingia na kuandika kwamba walikaa gatini wakalia bila kujua wanamlilia nani. Mmoja aliuliza mjenzi huyu ameujua vipi mwendo ule, namna meli inavyoonekana kwanza kana kwamba haijasogea. Sikumtafsiria swali hilo.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwake, Deo ndiye aliyenipandisha kilimani. "Injinia," alisema njiani, maana tangu nilipokwenda chuo hakuniita tena kwa jina langu, "mzee amekonda. Haji hata barabarani. Nikimpelekea mkate ananipokelea mlangoni, anageuka kabla sijageuza pikipiki."

Alinikaribisha vizuri. Tulitafuna kahawa. Aliuliza habari za mama, za usharika, za bei ya ndizi Bukoba. Kisha akafungua laptopu, akanisogezea. "Ingia uone. Mimi nina mbuzi wa kuhamisha."

Akatoka. Nilikaa gatini peke yangu. Senene walimeta kuzunguka taa. Mstari wa mwanga haukuwepo tena chini ya dirisha la tiketi, alikuwa ameuzima. Nje nilimsikia akimwita mbuzi, akivuta kamba, na muda ulipokaribia sauti zile za nje zikakoma zote. Alikuwa amesimama mahali fulani nyuma ya ukuta akihesabu moyoni. Honi ikalia. Meli ikaondoka kama alivyoijenga, polepole kiasi kwamba jicho lilikataa, mpaka pengo la maji likawa pana na hakukuwa na la kubisha. Taa moja. Halafu hakuna.

Aliporudi, mikono yake ilikuwa na matope.

"Wewe huingia humu, Mwinjilisti?"

"Nikafanye nini?" Alifunga laptopu kwa vidole viwili, asiichafue. "Nimewajengea wao. Wakae. Mimi sina ninachokisubiri pale."

Nilitafuta neno la faraja katika yote niliyosoma na katika yote aliyonifundisha yeye mwenyewe, na sikupata hata moja ambalo asingelitambua kuwa ni mkwaruzo.

Tulipita kati ya migomba mpaka kwenye mlamula. Deo alikuwa anasubiri juu ya pikipiki. Mwinjilisti alinipa mkono na kuushikilia.

"Mwambie Deo asiwashe mpaka nitakapofunga mlango."

"Sawa, waitu."

Akageuka. Nilimtazama mgongo, jambo ambalo yeye hakumfanyia mtu yeyote, koti lake likikwama kwenye majani makavu ya migomba na kujinasua. Mlango ulifungwa.

"Ameshafunga," Deo alisema. "Niwashe?"

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na kilima kile ni kimya. Mlio wa pikipiki ungemfikia alipokaa, ungeteremka, ungepungua, na angeusikia mpaka mwisho wake.

Deo alinitazama, akautazama mlango, akatazama mteremko ulio mbele yetu. Akatoa gia. "Shika vizuri," akanong'ona, akasukuma ardhi kwa mguu.

Tuliteremka bila injini, matairi yakisaga changarawe polepole, ziwa likiwa tupu upande wa kushoto, mpaka chini kabisa kwenye barabara kuu. Hata hapo Deo hakuwasha. Kule juu, kwa kadiri masikio yake yalivyoweza kumwambia, tulikuwa bado tumesimama kwenye mlamula.